Katekista Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Walisema hataweza. Walisema Katekista hatafika Krismasi akiwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kulinda maji, kwa sababu mtu anayeshtuka kuku akipapatika nyuma ya mlango atawezaje kusimama mbele ya wenye dhahabu? Walisema atakimbilia Tinde kwa dada yake. Fundi baiskeli wa pale senta alisema waziwazi kikaoni, "Huyu tumwachie kanisa. Maji tumtafutie mwanaume." Watu wakacheka, na Katekista mwenyewe akacheka, huku akipangusa jasho shingoni.

Nawajua watu hao. Ndio hao hao waliosema mimi sitarudi na kitu zaidi ya kikohozi. Niliondoka hapa na viatu vya plastiki, nikauza mayai ya kuchemsha Mwanza, stendi na ufukweni, nikajilipia masomo mpaka nikapata stashahada ya maabara. Leo nyumba yangu ndiyo pekee kitongoji kizima yenye bati la msauzi na umeme wa jua unaowasha hata friji. Sikusomeshwa na mjomba wala mbunge. Kwa hiyo nikiandika habari za mtu aliyedharauliwa, najua ninachokisema. Naandika pia nikiwa na hofu, na hilo sijazoea kulikiri. Hofu hiyo nilifundishwa na yeye.

Kitongoji chetu kiko upande wa Masumbwe, mahali ambapo mihogo na mpunga vimekutana na mashimo ya dhahabu. Katikati kuna bonde, na bondeni kuna pampu ya mkono ambayo sote tulikunywa kwayo. Juu ya bonde kunatoka kijito. Kikundi kilianzishwa baada ya kijito kubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Kazi yetu ilikuwa kuyaangalia maji kila siku na kusema mapema yakiharibika. Katekista alichaguliwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kengele.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi kando ya kanisa. Kwa ibada aliigonga taratibu, akiiacha sauti iishe kabla ya kugonga tena. Kwa maji alikuwa na mlio wake mwingine, wa haraka haraka usio na pumzi, uliomaanisha jambo moja tu: msichote. Ukiwa jikoni ukausikia, mkono ulikuwa unasimama wenyewe juu ya sufuria. Nimeshaona mama akimwaga uji uliokwisha iva.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la mvua la kijani na buti za mpira hata katikati ya kiangazi. Ukimuuliza, alijibu, "Huwezi kujua." Ndilo lililokuwa jibu lake kwa mambo yote. Hakupanda bodaboda, huwezi kujua. Hakula samaki bila kumvunja vipande na kumkagua kwenye mwanga wa dirisha, huwezi kujua. Radi ikipiga, alikaa katikati ya chumba juu ya godoro, magoti kifuani, na mke wake akaendelea kuchambua mchele kama vile hakuna mtu. Nilipokuwa mdogo alitufundisha katekisimu akiwa amesimama karibu na mlango, tayari kutoka.

Na bado huyu ndiye aliyekuwa akishuka bondeni peke yake kila asubuhi kabla ya mtu yeyote. Alichuchumaa pembeni ya kijito, akayaangalia maji muda mrefu bila kuyagusa. Alitafuta viluwiluwi. Alisikiliza vyura. Kisha alikwenda kwenye pampu, akajaza chupa nyeupe, akaiinua juu kuelekea jua. Vyura wakinyamaza, alipanda kilima mbio, koti likipigapiga miguuni, na rimu ikaanza kulia.

Mara nyingine alikosea. Siku moja tulikimbia wote na mapanga tukidhani kijito kimemwagiwa sumu, tukakuta povu jeupe linaelea. Mama Kulwa, mjumbe wa kikundi, mwanamke ambaye mdomo wake unaogopwa hadi Ushirombo, alishika kiuno akasema, "Katekista, hiyo ni sabuni ya kaptula za mume wangu. Ukitaka kuzikimbia kaptula zake, panga foleni. Mimi ndiye wa kwanza."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Katekista alingoja tumalize.

"Cheka tu, Mama Kulwa," alisema. "Mimi naogopa kwa niaba yenu. Nikikosea, mnacheka. Nikiacha kuogopa, mtazikana."

Hofu yake ilikuwa na mahali ilipotoka, na mahali hapo alinionyesha mimi tu, pengine kwa sababu ya stashahada yangu. Ujanani yeye na kaka yake waliosha dhahabu. Waliuchanganya mchanga na zebaki, ile dawa nzito inayong'aa kama fedha, zebaki ikaishika dhahabu, kisha wakaichoma kwenye kikaango ndani ya nyumba, mlango umefungwa ili jirani asione. Moshi wake hauna harufu ya kukutisha. Kaka yake alianza kutetemeka mikono. Watu walisema amerogwa, wakampeleka kwa mganga, wakachinja mbuzi. Akaendelea kutetemeka mpaka akawa analishwa. "Alikufa akiwa ananiangalia," Katekista aliniambia. "Na mimi, tukichoma, nilikuwa nakaa upande wa mlango, penye ufa. Ndiyo tofauti yetu. Upepo."

Mtu huyu huyu aliyeichukia dhahabu alikuwa na jino la dhahabu. Sikuwahi kumuuliza. Aliogopa uongo kama alivyoogopa radi, lakini nilimsikia akimwambia mlinzi wa machimbo, bila kupepesa, kwamba anatafuta ng'ombe aliyepotea, ilhali hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Na vibanzi vyangu vya kupimia maji, nilivyovinunua kwa fedha yangu, alikataa kuvishika. "Hivyo vyako vimetiwa dawa," alisema. "Shika wewe msomi." Kwa hiyo yeye alichota, mimi nikapima. Hapo juu ya kijito, wakati huo, walikuwa wamekwisha hamia watu wa mwalo.

Neno hilo ndilo lililokaribia kutumaliza.

Kwetu huku machimboni, mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Mwenye mwalo huu alikuwa mtu wa mbali tuliyemwita Tajiri, na vijana wetu wengi walikwenda kumfanyia kazi, wakiwemo Kulwa na Doto, wale mapacha wa Mama Kulwa. Katekista alipoona viluwiluwi wametoweka kabisa na samaki wadogo wanaelea, mimi nilikuwa Mwanza kununua mabati. Akampigia simu ofisa mmoja wa maji. Alipiga akiwa amesimama juu ya kichuguu ili mtandao ushike, sauti ya simu imefunguliwa, kikundi kizima kikisikiliza.

"Mheshimiwa, tunaogopa. Mwalo umesogea karibu na maji yetu. Samaki wadogo wamekufa."

"Mwalo mpya?" ofisa aliuliza.

"Mpya. Wanaoshea pale pale, maji machafu yote yanashuka kwetu."

"Nimeelewa, mzee. Hilo ni tatizo la kawaida kwenye mialo. Nakuja."

Akaja kweli, kijana mpole, mwenye sanduku la barafu. Alifika hadi kwenye pampu, akachota, akapima vijidudu vya uchafu wa vyoo na uozo, akavikuta kidogo. Akatugawia vidonge vya kutibu maji, akawafundisha akina mama namna ya kuvitia kwenye ndoo. Katekista akamshika mkono, akamuuliza, "Na mwalo je?"

"Mwalo ni usafi tu, mzee. Mkiweka vidonge hivi, kunyweni bila wasiwasi."

Wakapiga vigelegele. Wakanywa. Na mimi niliporudi nikaambiwa serikali imepima, nikafurahi kwamba nimepumzishwa kazi, nikanywa. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na kila jioni nilimpelekea jagi la maji yaliyotiwa kidonge, baridi kutoka kwenye friji yangu, nikijiona mume wa mfano.

Mtu mmoja tu hakunywa. Katekista alibeba maji ya mkewe kutoka kilima cha pili, akipita nyuma ya nyumba za watu kwa aibu. Walimsema. Walisema anajitenga, kwamba mtu asiyekunywa na wenzake ana lake jambo. Kwetu maneno ya namna hiyo si mchezo, yameshachoma nyumba za watu. Alinijia mchana mmoja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Yule kijana alinijibu vizuri," alisema. "Lakini hakuogopa. Nilimtajia mwalo, na uso wake haukubadilika. Inakuwaje mtu wa maji asikie mwalo asiogope?"

Nilijua kwamba ofisa yule alitakiwa kupita Masumbwe juma lile, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta mgahawani, nikamnunulia soda, tukazungumza habari za kwao. Alikuwa mtu wa Chato, mtoto wa mvuvi. Akacheka akaniambia, "Kaka, naomba nikuulize. Ninyi mlisema mna mwalo. Mimi sikuona ziwa wala mtumbwi. Hao samaki mnawashushia wapi?"

Mimi nimeuza mayai kwa wavuvi. Najua kwamba kwa watu wa ziwani mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kupasuliwa. Kitongoji kizima hakukuwa na mtu mwingine aliyeyabeba maneno yote mawili kichwani, na mimi siku ile ya simu sikuwepo. Ofisa alikuwa amekuja kutukinga na matumbo ya samaki.

Nilipomweleza, aliweka chupa ya soda mezani taratibu. "Vile vidonge," alisema, "vinaua vijidudu."

"Na zebaki?"

Akatikisa kichwa. Zebaki haina uhai wa kuuawa.

Nilibeba sampuli mwenyewe, kwenye chupa zangu za maabara, hadi Mwanza, nilikofahamika kwa kazi yangu. Siwezi kueleza siku za kungoja majibu. Nilikuwa nikimwangalia mke wangu akilala, tumbo likipanda na kushuka, na sikuweza kumwambia. Majibu yalipokuja, zebaki ilikuwemo, kupita kiasi anachoruhusiwa mtu kunywa. Nilimpa Katekista habari hiyo akiwa shambani. Hakusema "nilijua." Alikaa chini juu ya tuta, akavua kofia, akasema, "Mayu wane," mama yangu, kama mtoto. Kisha akainuka akaenda kwenye rimu. Siku hiyo aligonga mpaka kipande cha chuma kikamtoka mkononi.

Tuliifunga pampu kwa mnyororo. Ndipo na sisi tulipoanza kutazamwa.

Pikipiki isiyo na namba ilianza kusimama mbele ya nyumba ya Katekista mchana kweupe, injini ikiwaka, watu wawili juu yake, hawashuki, hawasalimii. Ilikaa pale mpaka ijisikie kuondoka. Mke wake aliacha kuanika nafaka nje. Mimi nilikuta mbwa wangu amekufa langoni na nikaamua, mbele ya mke wangu, kwamba ameumwa na nyoka. Tajiri alituma ujumbe kwa fundi baiskeli: kikundi kinaharibu riziki za watu, kisije kikalaumu mtu. Katekista aliposikia, aliharisha. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiwasimulia watu, bila haya. "Niliharisha, kisha nikashuka bondeni kuangalia maji," alisema. "Vyote viwili siku moja."

Jumapili iliyofuata hakukuwa na padre, kwa hiyo Katekista ndiye aliyeongoza ibada. Vijana wawili wa mwaloni waliingia wakakaa benchi la mbele, na miwani yao ya jua usoni. Sauti yake ilitetemeka tangu wimbo wa kwanza. Ilipofika wakati wa matangazo, alisoma habari za jumuiya, za michango ya mahindi, akakunja karatasi.

"Tangazo la mwisho. Pampu bado imefungwa. Asichote mtu."

Kijana mmoja akasimama. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, mimi mwenyewe nilimjua akiwa anachunga mbuzi. Aliweka chupa ya maji juu ya ngazi ya altare.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya nimeyachota leo juu kule kwetu. Unawatisha watu kwa kitu kisichoonekana. Kunywa hapa, tuone kama utakufa."

Katekista aliiangalia chupa.

"Siwezi," alisema. "Naogopa."

Mwenzake akapasuka kicheko. "Mwanaume mzima!"

"Ndiyo, baba. Naogopa sana."

"Basi tazama wanaume wanavyokunywa," alisema yule wa kwanza. Akaichukua chupa, akafungua kifuniko, akainua kichwa nyuma.

Sijawahi kumwona Katekista akikimbia kuelekea kitu. Aliruka kutoka pale alipokuwa, kanzu yake nyeupe ikampiga miguuni, akaipiga ile chupa ikaenda kugonga ukuta. "Usinywe! Usinywe, mwanangu!" Alikuwa ameushika mkono wa kijana kwa mikono yake miwili, analia. Sote tulijua kijana yule angeweza kumvunja. Hakumvunja. Alisimama tu, amepigwa na butwaa, mdomo wazi.

Kisha Katekista akautazama ule mkono alioushika. Akauliza kwa sauti ya chini, lakini kanisa zima tulimsikia.

"Umeanza lini kutetemeka hivi?"

"Ni wewe unanitikisa, mzee. Niachie."

Katekista akaachia. Akarudi nyuma hatua moja. Mkono ukabaki hewani, peke yake, na vidole vilikuwa vinacheza.

Kijana aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akauficha mfukoni, akatoka nje, na mwenzake akamfuata. Hakuna aliyewazomea. Mama Kulwa alikuwa amesimama, kitenge kimemdondoka begani. "Kulwa na mwenzake wako huko," alisema, si kwa mtu yeyote. "Wote wawili wako huko." Akatoka kanisani kabla ya baraka. Akina mama wengine wakamfuata, wenye watoto mwaloni na wasio na watoto, wakapanda kile kijito wakiwa na nguo zao za Jumapili. Mimi nilikwenda nyuma yao, na sikuona aibu kuwa nyuma. Hawakupigana na mtu. Kila mama alimshika wake mkono na kuunyoosha mbele, auone ukisimama au ukitetemeka. Mama Kulwa aliwarudisha mapacha wake nyumbani akiwa amewashika masikio, watu wazima wenye ndevu.

Mwalo bila vijana ni karai na matope. Tajiri alileta wengine kutoka mbali, nao wakasikia habari ya mikono, wakaanza kuangalia ya kwao. Hatimaye akahamisha vifaa vyake, na hatukuambiwa alikokwenda. Pikipiki iliacha kuja. Yule kijana wa chupa alipelekwa hospitali na mama yake; nasikia anaendelea, vifungo bado anafungiwa.

Lakini maji yaliyokwisha haribika hayakurudi kwa sababu Tajiri kaondoka. Pampu ilibaki na mnyororo wake, na kiangazi chote tuliishi kwa maji ya kukopa. Watu wa kilima cha pili, Wasumbwa wenye kisima kirefu na ndimi kali, walitukopesha ndoo kwa ndoo. "Wasukuma wamekuja tena na makopo yao," walituimbia njiani. "Leteni ng'ombe tuwape maji!" Katekista alikuwa anafahamu kila nyumba iliyotoa na aliyepokea, akavibeba vyote kichwani. Alisema maji ya kukopa yanarudishwa kwa maji, si kwa shukrani. Mtoto wangu alizaliwa katika kiangazi hicho, akaogeshwa kwa maji ya watu. Ni mzima, daktari amesema hivyo. Mimi bado namwangalia anavyokishika kijiko.

Kisima chetu kipya kilichimbwa upande mwingine kabisa wa bonde, na yule ofisa wa Chato ndiye aliyekuja kukipima, safari hii akimuuliza Katekista maana ya kila neno. Maji yalipothibitishwa kuwa salama, tulikodi toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, tukapakia mapipa, tukaanza kuzunguka kilima cha pili kulipa. Katekista alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule. Alitangulia kwa miguu mbele ya toyo, na kila mlangoni alisimama kuhakikisha ndoo inajaa mpaka inamwagika.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mwisho kabisa wa kilima, aliyekuwa akitukopesha bila kututania. Aliona mapipa akaanza kucheka kwa furaha.

"Mwangaluka, mayu," Katekista alimsalimia.

"Mwangaluka, bhabha. Mimi sikukopesha, nilitoa."

"Lete vyombo, mayu."

Akaleta ndoo, sufuria, hadi beseni la kuogea. Tulivijaza vyote. Nilimwona Katekista akipangusa mikono kwenye koti lake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mabega yake yalikuwa yameshuka. Hakukuwa na nyumba nyingine. Tulikuwa tumemlipa kila mtu.

"Basi tumemalizana," bibi alisema. "Kaeni, niwape viazi."

Katekista alikuwa anataka kukaa. Alikuwa tayari ameshika mgongo wa kiti. Kisha akageuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba, na nami nikasikia, mbali, upande wa juu wa kisima chao, mashine ya kusagia mawe.

"Mayu," alisema, "ile karasha imekuja lini?"

"Ile? Juzi tu. Kuna tajiri mmoja mgeni, mpole sana. Wajukuu zangu wamepata kazi."

Katekista aliachia kiti. Niliona jasho likianza shingoni mwake. Aliyatazama yale maji yetu, yaliyojaa kwenye vyombo vyote vya bibi yule, akachukua kifuniko cha sufuria akaifunika, kisha ndoo, kisha akavua koti lake la mvua akalitandaza juu ya beseni.

"Kunyweni haya," alimwambia. "Ya kisima chenu, kesho asubuhi, msichote kabla sijafika."

"Unaniogopesha, Katekista."

"Ndiyo, mayu," alisema, akanigeukia mimi. "Zile chupa zako uko nazo?"